“Za safari?” “Nzuri.” Na yaliyobaki utamwambia nani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msichana wa Langoni, Amu (Lamu), umri wangu miaka 26. Mara tu baada ya Maulidi nilitoka nyumbani na tangu hapo sikutulia: harusi ya binamu yangu Malindi, matembezi ya Gede na Mambrui, mashua ya kwenda kisiwa cha Kiwayu ambayo nusura itutoe roho, kisha umra na mama mwezi wa Rajabu. Nimerudi nisfu Shaabani. Kila anikutaye njiani huniuliza “za safari?” nami humjibu “nzuri”, yakaisha. Nina picha 1,400 kwenye simu na sijaandika hata mstari. Siku zimenichanganyikia, hata sikumbuki lile la mashua lilikuwa kabla ya harusi au baada. Nataka kuyaweka yote, kwa ajili yangu na kwa bibi yangu, ambaye macho yake yameingia mtoto wa jicho na haoni tena maandishi wala picha. Nianzie wapi? Na la mashua nimwambie, au nimfiche?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Karibu nyumbani, na umra yenu Mola aitakabali.

Hilo “nzuri” lako usilionee haya. “Za safari?” ni salamu. Mtu anayekuuliza hivyo katikati ya kichochoro, na punda wa mchanga nyuma yake anataka kupita, hakutaka habari za Gede. Alitaka kujua umerudi mzima. Umemjibu sawasawa. Ila salamu hiyo ukiijibu mara arobaini unaanza kuiamini mwenyewe, na miezi karibu mitano inabaki neno moja.

Nilisomesha insha kwa miaka mingi, na tangu nistaafu hukaa na watu wanaotaka kuandika safari zao: mahujaji, mabaharia, vijana waliotoka kazi za Ghuba. Karibu wote huja na maradhi mamoja: wanataka kuanza siku ya kwanza. “Tulitoka Amu alfajiri kwa boti ya Mokowe, tukapanda basi...” Kisha miji ya njiani, Hindi, Witu, Gamba, kila kizuizi cha polisi na kila mara waliposhushwa na vitambulisho mkononi. Wakifika kurasa ya sita mkono umechoka na harusi bado haijaanza. Daftari hufungwa. Nimeona madaftari mengi ya namna hiyo, na naweza kukuapia kwamba mengi yamekufia njiani, Garsen.

Kwa hiyo kalamu iache kwanza. Picha nazo ziache. Fungua ujumbe wa M-Pesa.

Usicheke. Hakuna daftari la safari linalolishinda hilo. Kila ujumbe una tarehe, saa, kiasi na jina la mtu, na wewe hukuuandika kwa kujipamba. Kama umezifuta, omba taarifa ya miamala ya miezi hiyo. Zisome kuanzia wiki ya Maulidi, moja moja, na kila inayokugusa iandike kwenye karatasi: tarehe, na maneno matatu. Yasizidi matatu.

Niliwahi kukaa na baba mmoja aliyeniambia kwamba safari yake ya Malindi “haikuwa na kitu”. Tukapitia ujumbe wake. Tukakuta shilingi 60, saa moja na dakika kumi asubuhi, kwa jina la mwanamke asiyemjua. Akakunja uso. Akarudia kulisoma lile jina. Kisha akaweka simu chini: ni mama aliyekuwa akiuza mahamri kituoni, na yeye hakujinunulia, alimlipia bibi kizee wa kiti cha nyuma aliyekuwa na noti ya elfu na hakuna wa kumvunjia. Bibi yule akahamia kiti cha pembeni yake, na mpaka Malindi alimsimulia jinsi mumewe alivyokwenda na jahazi asirudi. Baba huyu alikuwa amekaa na kisa hicho mwaka mzima, naye asema safari haikuwa na kitu! Shilingi sitini ndizo zilizokirudisha.

Kuhusu tarehe za picha, jihadhari na jambo moja. Picha ulizopiga mwenyewe zina saa yake ya kweli, lakini zile ulizotumiwa kwa WhatsApp huja zimevuliwa tarehe ya kupigwa, na simu huzipanga kwa siku zilipoingia kwako. Picha za harusi ambazo binamu yako alikutumia wiki mbili baadaye zitakudanganya kwamba harusi ilikuwa wiki mbili baadaye. Kwa upande wa Makka huna shida: saa zao na zetu ni zile zile.

Sasa hilo la mashua. Katika barua yako ndefu, ambayo hapo juu nimeifupisha, umeniandikia mambo matatu bila kujua kwamba umenipa tarehe. Umesema mlikwama Mkanda asubuhi, kabla ya adhuhuri, mkashuka topeni kusukuma. Umesema mlipoikaribia Kiwayu jua lilikuwa linatua na mwezi unachomoza upande wa pili “kama sinia”. Na umesema mlipopita kisiwa cha Ndau, pale bahari ilipo wazi, upepo ulikuwa wa mbele, ukiwarushia maji usoni.

Haya. Mwezi unaochomoza jua likitua ni mwezi mpevu, usiku wa kumi na nne au wa kumi na tano. Siku hizo maji ni ya bamvua, yale makubwa yanayojaa sana na kukauka sana. Kwetu bamvua hujaa alfajiri na alasiri, na hukauka kabisa mnamo saa nne na saa tano asubuhi. Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya Manda na bara, haupitiki kwa kila maji. Nahodha anayechelewa kung’oa nanga siku ya bamvua hukutana na tope. Basi tope lako na mwezi wako wanatoa ushahidi mmoja. Sasa hesabu kwa miezi yetu, ile ya mfunguo tunayoihesabu tangu Ramadhani inapokwisha. Baina ya Maulidi yetu ya Amu, yanayosomwa mwisho wa Mfunguo Sita, na Rajabu, kuna miezi mipevu mitatu tu: wa Mfunguo Saba, wa Mfunguo Nane na wa Mfunguo Tisa. Wa Mfunguo Nane wewe ulikuwa Malindi unashonesha nguo ya harusi, na malipo ya fundi yatakuonyesha. Wa Mfunguo Saba ulikuwa msimu wa tangambili, kusi, upepo wa kusini, limekufa na kaskazi, upepo wa kaskazini mashariki, haijashika, na pepo za wakati huo hazina nguvu ya kukurowesha mtu. Umebaki wa Mfunguo Tisa, kaskazi imeshatia nguvu, nawe unaelekea huko huko inakotoka. La mashua lilikuwa baada ya harusi.

Nakiri hesabu hiyo nimeifurahia kuliko nilivyostahili. Lakini ina faida kwako: sasa unajua kwamba ulipanda mashua ile ukiwa umeshachoka na harusi, na mikononi bado una hina. Umesema mwenyewe kwamba tope liliingia kwenye hina. Ungeiweka safari hiyo kabla ya harusi, hina hiyo ungeitoa wapi?

Ukishapata karatasi yako ya siku, swali la “nimechelewa” lifute kichwani. Ibn Battuta, yule msafiri mashuhuri, alitoka kwao Tangier mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21. Mwaka 1331 alipita pwani yetu, Mogadishu, Mombasa mpaka Kilwa, na habari zake hazikuwa kitabu mpaka aliposhakaa chini huko Fez akamsimulia mwandishi aitwaye Ibn Juzayy, kazi iliyomalizika mwaka 1355. Miaka 24 ilikuwa imepita tangu aoge maji ya Mombasa. Wala hakuwa na karatasi zote. Mwenyewe asema aliyoyanakili Bukhara alinyang’anywa baharini na maharamia wa India. Mombasa alilala usiku mmoja tu. Tazama basi kilichosalia: kwamba kwenye mlango wa msikiti palikuwa na kisima, na chombo cha mbao cha kutekea kilichotiwa kijiti cha urefu wa dhiraa moja, na mkeka mzito ambao mtu akishaosha miguu huipangusia hapo kabla ya kuingia. Na Mogadishu anakumbuka ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, embe, tangawizi mbichi, na kwamba mtu mmoja wa huko alikula chakula cha kundi zima la kwao. (Amu hakututaja kabisa. Hilo sijamsamehe.)

Mkeka wa kupangusia miguu, baada ya robo karne! Kilichobaki ni kile ambacho nyayo zilikanyaga na mdomo ulionja. Nawe ukikaa na bibi yako utaona kwamba wazee wetu huuliza hayo hayo. Bibi hatakuuliza “ulijifunza nini?” Atakuuliza: mlikula nini? Mlilala kwa nani? Nani alikaa nawe? Maswali hayo matatu yamenitosha mimi kusomesha, na sijapata mengine yanayoyashinda. Kila siku iliyoko kwenye karatasi yako, ijibu kwa hayo matatu kwa mdomo, na simu ikirekodi sauti. Kwa mdomo kwanza, kuandika baadaye.

Nakwambia hivi kwa sababu nilishaungua. Zamani nilikuwa na imani kubwa na daftari. Nilikwenda Pate na Siyu kukaa na wazee, nikaandika siku tisa kwa kalamu ya wino, mwandiko mzuri wa kimwalimu. Boti lililonirudisha likapigwa wimbi la ubavuni, mkoba ukakaa ndani ya maji ya chini ya boti tangu Mtangawanda, bandari ya Pate, hadi gatini Amu, na nilipolifungua daftari kila kurasa ilikuwa buluu tupu. Kosa lilikuwa langu. Mkoba nilipaswa kuupakata. Nililia, kisha nikagundua kwamba visa vitano bado ninavyo. Vilikuwa vile vitano nilivyomsimulia mume wangu usiku kwa simu, naye alikuwa akinikatiza: “Ngoja, huyo mzee alikaa wapi?” Vile nilivyoviandika tu, bila kumwambia mtu, vilikwenda na wino.

Sasa uzito. Miezi mitano haigawiwi sawa kwa sawa kama urithi. Basi la kwenda Malindi lipe mstari mmoja. Harusi ya binamu, kwa ulivyonieleza, lipo jambo moja tu lisilofanana na harusi nyingine: umeme ulikatika usiku wa kupamba, wanawake wakawasha tochi za simu kumzunguka fundi wa hina, na somo wa bibi harusi akaimba gizani kwa sauti ambayo hamkujua kuwa anayo. Hiyo ndiyo harusi yako. Idadi ya sahani za pilau haimhusu mtu, na ugomvi wa mahari uliouona mlangoni si wako kuusimulia.

Gede umenitumia picha nane za kuta. Kuta za mji ule uliohamwa karne ya 17 zimepigwa picha na watu wa dunia nzima, zako haziongezi kitu. Lakini ya tisa, ile isiyo safi, ya kima aliyeshika kifuniko cha chupa yako na kukutazama kana kwamba wewe ndiye mgeni, hiyo ina kisa. Vivyo hivyo nguzo ya Vasco da Gama. Kila mgeni wa Malindi husimama chini yake, akapigwa picha, akaondoka na habari ya Aprili 1498, kwamba Wareno walipokewa hapa, wakapewa rubani, wakavuka hadi India kwa siku kama 23 upepo ukiwa nyuma yao. Habari tamu, lakini wengi hawamalizii. Kurudi hawakungoja kaskazi ishike. Bahari ile ile ikawachukua karibu miezi mitatu, wakafa kwa kiseyeye, na Januari 1499 waliingia Malindi wamebaki wachache kiasi kwamba muda mfupi baadaye walichoma jahazi lao moja, hawana mikono ya kuliendesha. Malindi ikawapa machungwa. Mimi ningepewa nafasi ya kuandika maneno chini ya nguzo ile, ningeandika habari za kurudi. Nawe kwenye karatasi yako tazama safari za kurudi, umeziacha zote. Ulirudi vipi kutoka Kiwayu? Hukusema hata neno.

Ya umra nitasema machache. Dua yako iache pale ulipoiomba, na machozi ya mama yako ni yake. Andika ya miguuni: marumaru ya pale pa kutufu, jinsi yanavyobaki baridi hata jua la adhuhuri, na mama aliyekushika kiwiko mizunguko saba bila kukuachia. Inatosha kabisa. Anayetaka zaidi, na aende.

Tuje kwa bibi, na la mashua.

Nimekuelewa kwa nini unataka kumficha. Unamwonea huruma: mtu mzima, macho hayaoni, ataanza kuogopa kila ukiondoka. Lakini bibi wa Amu kuogopeshwa na bahari ni jambo gumu. Huyo ameshazika, ameshangoja gatini, ameshasikia habari mbaya kwa sauti ya mtu akipiga hodi. Hatari ya kumficha ni kwamba kisiwa chetu ni kidogo. Mlikuwa watu kumi na mmoja ndani ya mashua ile. Mmoja wao atakwenda kununua samaki, atazungumza, na habari itamfikia bibi yako kutoka kwa mtu wa kando, imeongezwa chumvi, na yeye ndiye wa mwisho kujua. Hilo litamuuma kuliko wimbi. Mwambie wewe.

Mwambie, lakini usianze na wimbi. Watu wakisimulia hatari hukimbilia pale walipopiga kelele. Anza mapema, asubuhi, watu wakiwa na hasira za kuchelewa na nahodha akisema “twafika, twafika”. Kisha tope. Kisha kungoja, ile saa moja na nusu mliyokaa kwenye mashua iliyolala ubavu mkigawana biskuti, na yule kijana aliyekuwa akichomeka kijiti mchangani kila baada ya muda kuona kama maji yameanza kurudi. Kijiti hicho kimo kwenye barua yako katika sentensi moja, umekipita mbio, na mimi nimekisoma mara tatu. Ukikisimulia polepole, mtu akifika pale penye wimbi atakuwa ameshapanda mashua pamoja nanyi.

Jina la nahodha liache nje, kwa sababu na yeye ana kisa chake cha kuchelewa na hujamsikia. Ila kwamba jaketi za kuokolea zilikuwa sita na watu kumi na mmoja, hilo liseme wazi, kwa idadi, kwa bibi na kwa yeyote atakayesoma. Watoto wa mtaa wenu watapanda mashua hizo hizo Idi ikifika.

Na usimwambie ukiwa umesimama mlangoni na buibui begani. Ramadhani haiko mbali. Baada ya tarawehe, wakati nyumba imetulia na hakuna wa kuja mpaka daku, kaa chini, kwenye mkeka, karibu na miguu yake. Simu iwashe irekodi, uiweke kando, uisahau. Akikukatiza, mwache akukatize. Maswali yake ndiyo yatakayokupangia kisa, na kesho yake ukisikiliza sauti hiyo utaona pa kuandika ni wapi.

Umeniandikia mwishoni kabisa, kama jambo la aibu, kwamba topeni pale Mkanda ulipoteza kubadhi la mguu wa kushoto, na kwamba makubadhi hayo ni yale ya ngozi aliyokupa yeye, na kwamba hili la kulia umelificha chini ya kitanda usijue la kulifanyia. Lipanguse, lakini lile tope kavu la kwenye mshono liache. Usiku huo mwekee bibi mkononi kabla hujasema neno. Ataligeuza, atalipapasa, atalitambua. Kisha nyamaza, umngoje akuulize lingine liko wapi.